Kompyuta ya Akina Mama wa Kombewa

Juma hili tumeazimia kuandika juu ya jambo lisilokuwa katika mazoea yetu, nalo ni mashine iliyoundwa upya ikakataa kuamka. Wako watakaoshangaa kusikia kwamba mwalimu wa madrasa ameshika bisibisi. Lakini kadhia yenyewe iligusa mali ya wajane, heshima ya binti mmoja, na jina la muuzaji aliye mbali asiyeweza kujitetea. Na mambo matatu hayo yalikuwa katika kazi ya watu wa elimu tangu zamani, kabla kompyuta haijaundwa.

Wale msioijua Kombewa, basi yafaa tuwaeleze kidogo. Ni mji mdogo wa Seme, katika Kaunti ya Kisumu, juu ya barabara iendayo Bondo. Atokaye Kisumu hufika Kisian, hapo barabara ya Busia hushika njia ya Maseno, ambako mstari wa ikweta umepita, na hii yetu hushika upande wa magharibi, ziwa likiwa mkono wa kushoto. Sisi tuliozaliwa penye maji ya chumvi hatukuzoea upesi kuona ufuo usiokuwa na harufu ya bahari. Waislamu hapa si wengi kama huko kwetu, ingawa dini si ngeni katika pande hizi: misafara ya wafanyabiashara wa Pwani ilikuwa ikifika Mumias hata kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901, wakati mji huo ukiitwa Port Florence. Alhasili, waliopo wanajuana wote, na neno lisemwalo baada ya alasiri huwa limezunguka nyumba zote kabla ya magharibi.

Hapa pana chama cha akina mama kumi na wanane, wengi wao wajane au wenye waume walio mbali kikazi. Walikubaliana wachange shilingi 3,000 kila mmoja, jumla 54,000, wanunue kompyuta ya kuweka katika chumba cha nje cha madrasa. Haja yao haikuwa anasa. Siku hizi karibu kila lango la serikali ya Kenya ni lango la mashine: cheti cha kuzaliwa, nafasi ya chuo, mkopo wa masomo, hata taarifa ya kodi ambayo mwisho wake ni tarehe 30 Juni, na aliye na namba ya kodi hupaswa kuipeleka ijapokuwa hakupata kitu. Asiyejua hupeleka kitambulisho chake na neno lake la siri saiba, akamtajia kijana asiyemjua, mbele ya watu waliopanga foleni nyuma yake. Akina mama hawa walitaka mahali pao wenyewe, wahudumiwe na mwanamke, na senti zinazopatikana zibaki katika chama. Rai hiyo tuliiona njema na bado twaiona njema.

Kazi walimpa binti mmoja wa miaka ishirini, aliyesoma mwaka mmoja katika chuo cha ufundi kabla karo haijamshinda. Mama yake ni mjane, muuza omena, yaani dagaa wa ziwani. Binti akashauri wasinunue kompyuta ya mkononi iliyotumika, ambayo betri yake huenda ikafa kabla ya mwaka, bali wanunue vipande vipya wakaunde wenyewe, ili kila kitakachoharibika kibadilishwe peke yake. Walikuwapo waliopinga. Mmoja alisema kwamba mtu hanunui injini na magurudumu mbalimbali akategemea kupata gari. Wengi wakamkubalia binti, na fedha zikapelekwa kwa simu Nairobi, katika mtaa wa Luthuli, ambao kila fundi wa Kenya anaujua kwa vifaa vya umeme, wala wengi hawajui kwamba jina hilo ni la Albert Luthuli wa Afrika Kusini, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1960. Mzigo ukaja kwa basi la usiku: kasha, pawasaplai, ubao mama, prosesa, vipande viwili vya ramu na diski. Skrini ilikuwa ya mtumba. Muuzaji alitoa muda wa siku saba wa kurudisha kitu kibovu.

Binti aliiunda siku ya Jumatano baada ya isha, mbele ya mashahidi si haba, na kwa utaratibu mzuri. Akabonyeza kitufe. Feni zikazunguka, taa ya kasha ikawaka, watoto wakapiga makofi. Skrini ikaandika kwamba haipati mawimbi, kisha ikazima. Akajaribu mara ya pili, ya tatu, ya kumi. Feni zilizunguka kila mara, na kioo kilikuwa giza kila mara.

Asubuhi ya pili yake maneno yalikuwa matatu. La kwanza, binti ameiunguza kwa kutojua. La pili, muuzaji amewatumia mtumba uliopakwa rangi. La tatu ni lile ambalo nyinyi wasomaji mmekwisha kulikisia, kwamba jicho la hasidi limeipata, na sisi tuisomee. Mama mweka hazina, mtu mwaminifu na mkali wa hesabu, alitujia na pendekezo kwamba mama yake binti alipe fedha hizo kidogo kidogo kutoka katika biashara yake ya omena. Ilikuwa Aprili. Wakaao kando ya ziwa wanajua kwamba katika maji ya Kenya uvuvi wa omena hufungwa tangu mwezi huo hadi Julai, ili dagaa wazaane. Biashara iliyotakiwa kulipa deni haikuwapo.

Tukamwambia mweka hazina kwamba halilipwi deni lisilothibiti. Asli ya dhima ya mtu ni kuwa safi, na anayedai kuwa imeshughulika ndiye atakiwaye kuleta ushahidi. Tena huyu binti hakuajiriwa, bali aliwakilishwa, na katika fiqhi yetu mkono wa wakili ni mkono wa amana: hatozwi kilichoharibika mkononi mwake ila akizembea au akivuka mpaka. Basi kabla ya kuuliza nani alipe, palikuwa na swali jingine mbele yake: ni kitu gani hasa kilichoharibika? Na hilo halikujibiwa na yeyote katika watu wa maneno yale matatu. Ama kuhusu kusomewa, tuliwaambia dua ni ya kila hali na tuliiomba, lakini waya ambao haukuingia vizuri hungojea mkono wa mtu.

Ujanani mwetu, kabla ya kwenda kusoma kwa masheikh wakubwa, tuliwahi kukaa mwaka na nusu kwa fundi wa redio, kwa hiyo woga wa vyuma hatuna. Lakini silaha tuliyoitumia siku ile tuliipata katika usuli wa fiqhi. Wanafunzi wa elimu hiyo wanajua njia iitwayo sabri na taksimu, ambayo wanavyuoni huitumia kutafuta illa ya hukumu. Kwanza unagawanya: unaorodhesha kila sifa inayoweza kuwa ndiyo sababu. Kisha unapima: unaijaribu moja moja na kuiondoa ile isiyofaa, mpaka ibaki moja. Na wakatia sharti ambalo wengi hulisahau, kwamba yakini haipatikani ila mgao uwe umetimia. Ukiacha sehemu moja nje ya orodha, ile iliyobaki mwisho huenda ikawa haina hatia. Tukamwambia binti, "Mwanangu, lete daftari, tuandike."

Tukaanza na umeme. Plagi zetu za Kenya zina fyuzi ndani yake, nayo ilikuwa nzima. Swichi ya nyuma ya pawasaplai ilikuwa imewashwa. Baadhi ya pawasaplai huwa na kiswichi chekundu cha kuchagua volti 115 au 230, na anayeliacha chaguo la chini katika nchi yenye volti 240 kama yetu huiunguza papo hapo. Hii haikuwa nacho. Feni zilizunguka, na mweka hazina, aliyekaa pembeni kama kadhi, akasema basi umeme upo. Hapo binti alimjibu kwa adabu jawabu ambalo twalisifu mpaka leo: "Mama, feni kuzunguka ni ushahidi wa feni tu." Prosesa ina waya wake mbali, wenye matundu manane, unaochomekwa katika pembe ya ubao, na wengi huusahau. Tukautazama, ulikuwa umekaa sawasawa.

Tukaenda kwenye skrini. Ikiwa ya mtumba, huenda ndiyo mgonjwa. Jirani akatuazima televisheni yake, naye si mwanachama wala si Muislamu, akaja nayo mwenyewe akiwa ameibeba kifuani. Televisheni nayo ikawa giza. Tukauliza kama waya wa picha umechomekwa mahali pake, kwa sababu ziko prosesa zisizoweza kutoa picha mpaka ziongezewe kadi. Hii ya kwetu ilikuwa Ryzen 5 5600G, na herufi ile G ya mwisho hujulisha kwamba sehemu ya picha imo ndani ya prosesa yenyewe. Tukaifuta skrini katika daftari.

Ramu tuliijaribu kwa saa nzima, na hapa twawausia mabinti wanaojifunza kazi hii wasifanye haraka. Kipande cha ramu huonekana kimeingia na kumbe upande mmoja bado umening'inia unene wa kucha. Yapasa kibonyezwe mpaka kisikike kimelia. Tulikitoa kimoja, tukakijaribu kingine, tukavibadilishana nafasi, kila kimoja katika kila tundu. Giza. Tukatoa betri ndogo bapa, ile inayofanana na sarafu, tukangoja dakika kumi ili ubao usahau mipangilio yake, tukairudisha. Giza. Tukautoa ubao wote katika kasha tukauweka juu ya boksi lake la karatasi, kwa sababu nguzo moja ya shaba ikiwekwa pasipo tundu la skrubu hugusa mgongo wa ubao na kuupitishia umeme mahali pasipofaa. Juu ya boksi hapana shaba. Giza vile vile.

Katika ukingo wa ubao ule mna taa nne ndogo mno, ya prosesa, ya ramu, ya picha na ya diski. Ubao unapoamka huzikagua sehemu hizo kwa zamu, na taa ya sehemu yenye tatizo hubaki ikiwaka. Iliyobaki ilikuwa ya kwanza. Binti akanyamaza. Prosesa ndicho kitu cha bei kubwa kuliko vyote mle ndani, na aliyeigusa kwa vidole vyake ni yeye.

Tukaitoa. Prosesa ya aina hii ina pini 1,331 chini yake, nyembamba kama nywele, na mmoja ukipinda huweza kuinyamazisha yote. Tunayo lenzi ambayo hutusaidia kusoma hashiya za vitabu vya zamani, zile herufi zilizobanwa pembezoni mpaka zikawa kama chungu. Kwa lenzi hiyo tulizipitia pini safu kwa safu, sisi, kisha binti, kisha mweka hazina ambaye aliomba naye aone kwa macho yake. Zilikuwa zimenyooka zote.

Sasa katika daftari lilibaki jina moja. Waliokuwapo wakasema, basi prosesa imekufa, irudishwe Nairobi. Tulikuwa tumefika siku ya tano katika zile saba. Twaona hapa ndipo kadhia ilipokuwa karibu kupotea, kwa sababu rai ile ilikuwa na sura ya haki kabisa. Lau ingerudishwa, muuzaji angeitia katika ubao wake, ingeamka mara moja, angesema wateja wake ni waongo au wajinga, na binti angebaki na hukumu shingoni kwamba kilichokufa kilifia mikononi mwake. Tukamuuliza binti swali lile la sharti: "Je, mgao wetu umetimia? Ni kipi ambacho hatukukiandika?" Akasema, "Maalim, nipe mpaka asubuhi."

Alikuja baada ya alfajiri, akifuatana na mama yake mdogo, amelibeba boksi la ubao mama. Akatuonyesha kibandiko juu yake, ambacho kila mmoja wetu alikwisha kukiona akidhani ni pambo. Kiliandikwa kwamba ubao uko tayari kwa Ryzen za mfululizo wa 3000. Yetu ni ya mfululizo wa 5000. Kisha akafungua simu. Watengenezaji wa mbao mama huchapisha, kwa kila ubao, orodha ya prosesa unazozikubali, na mbele ya kila prosesa toleo la bayosi ambalo tangu hapo ndipo inapokubaliwa. 5600G ilikuwamo. Lakini toleo lililotajwa mbele yake lilikuwa jipya kuliko lile lililoandikwa kwenye kijikaratasi kilichobandikwa juu ya ubao wetu.

Tufafanue kwa wasiojua. Katika ubao mama mna kidude kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na ndani yake imeandikwa programu fupi iitwayo bayosi. Hiyo ndiyo huamka kwanza, ikaitambua prosesa, ikaihesabu ramu, kisha ikamwita mwenye kazi kubwa. Mfano wake ni bawabu wa mlango wa arusi aliyepewa majina ya waalikwa. Akija mgeni mwenye kadi ya kweli, amevaa vizuri, ametumwa na bibi arusi mwenyewe, na jina lake halimo, bawabu humwacha nje, na hakuna kati yao aliyekosa. Aina ya ubao wetu ilitoka mwaka 2018. Prosesa za mfululizo wa 3000 zilitoka 2019, na hii 5600G ilianza kuuzwa madukani mwaka 2021. Soketi ni ile ile moja, pini ni zile zile 1,331, hata mtoto akiitia itaingia. Ubao wetu ulikaa ghalani miaka ile yote na orodha yake ya zamani.

Kwa hiyo ubao ulikuwa mzima na prosesa ilikuwa nzima. Katika orodha yetu tulikuwa tukitafuta kitu kibovu, na hapakuwa na kitu kibovu. Palikuwa na vitu viwili vizuri visivyojuana. Binti alipolisema hilo tulifurahi furaha ambayo hatujaipata hata kwa wanafunzi wetu wa miaka mingi, kwa sababu sehemu hiyo ya mgao aliitoa yeye.

Dawa ilikuwa kuiandika bayosi upya. Ziko mbao zenye kitufe cha kujiandika hata bila ya prosesa. Wetu ulikuwa wa bei nafuu, haukuwa nacho. Basi ilibidi ipatikane prosesa ya zamani inayojulikana na ubao, itiwe kwa muda, ubao uamke, uandikwe, kisha itolewe. Na kuandika huko kuna hatari ambayo sisi tuishio kando ya ziwa hatuwezi kuidharau. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, kile kidude hubaki na nusu ya programu, na ubao hauamki tena kwa prosesa ya zamani wala mpya. Aprili ni mwezi wa masika. Mchana jua huchemsha ziwa na nchi, na kabla ya jua kutua mawingu hukusanyika, radi zikapiga, na stima ikaenda ilikokwenda.

Tukashika matatu ya mapema kwenda Kisumu, sisi, binti na mama yake mdogo, na ubao ukiwa mapajani umefungwa kwa kanga. Karibu na mtaa wa Oginga Odinga yuko fundi mmoja, kijana wa Kijaluo, mwenye kibanda kisichozidi upana wa mlango na sanduku lililojaa prosesa za zamani alizozipanga katika trei ya mayai. Alikuwa nayo Ryzen 3 2200G. Akataka shilingi 1,500, bei ambayo hatukubishana naye. Lakini tulipofika umeme haukuwapo. Ulirudi saa nne na nusu, na sisi tukadhani kazi itaanza. Fundi akatikisa kichwa. "Mzee," akasema, "stima ikirudi mara ya kwanza huwa haijafika. Tuingojee irudi mara ya pili." Haikupita robo saa ukaenda tena. Uliporudi mara hiyo akachomeka UPS yake, akaiacha ijaze betri, akatuagizia chai. Tuliingojea ile betri muda mrefu, na katika kungoja kule mama yake mdogo binti alitueleza kwamba dada yake, yule mama muuza omena, usiku uliopita alikuwa amekwisha kumtafutia mnunuzi mbuzi wake wawili.

Kazi yenyewe haikuchukua hata dakika sita. Faili lilikuwa katika flashi. Binti akalichagua, fundi akamwambia ahakikishe jina la ubao kwa herufi moja moja, maana faili la ubao wa jirani huua kama kukatika kwa umeme. Akahakikisha, akabonyeza. Mstari ukaenda kwenye skrini polepole, na hapana aliyesema neno. Ulipokwisha, ubao ukazimika, ukawaka. Fundi akaitoa prosesa yake akairudisha katika trei ya mayai. Binti akaifuta yetu, akaitia marhamu mpya ya kupitisha joto, kiasi cha punje ya dengu, akaifunga.

Mara ya kwanza skrini ilikaa giza muda mrefu, na uso wa binti ulibadilika. Fundi akamwambia angoje, ubao unajifunza ramu. Yakatokea maandishi meupe juu ya weusi: jina la prosesa, kiasi cha ramu, diski. Mama yake mdogo, asiyejua kusoma maandishi yale, aliuliza kama ni habari njema.

Kabla ya kuondoka fundi alijitolea kututilia Windows isiyo na leseni kwa shilingi 500. Binti akatutazama. Twajua jambo hili limeenea mpaka watu hawalioni, hata katika nyumba za watu wa swala, kwa hiyo tuliandike wazi. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa, katika kikao chake cha Kuwait cha Disemba 1988, iliamua kwamba haki za utungaji na ugunduzi ni haki za wenyewe, zinalindwa kisharia, na hairuhusiwi kuzivamia. Programu ya mtu ni mali yake kama omena ya mtu. Wala hapana dharura, kwa kuwa ziko programu ambazo wenyewe wamezihalalisha kwa watu wote. Binti alitia Ubuntu, isiyolipiwa, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2004, na jina lake ni neno la ndugu zetu Wabantu wa kusini lenye maana ya utu. Kwa kuandika barua na hesabu akatia LibreOffice, nayo vile vile ni ya bure. Akina mama walilalamika siku mbili kwamba vitufe haviko pale walipovizoea, kisha wakanyamaza.

Chama kilipokutana, shilingi 1,500 za fundi na nauli zilitolewa katika mfuko wa chama, na ikaandikwa katika daftari la mikutano kwamba binti hana deni na hakuwa nalo. Mbuzi hawakuuzwa. Tuliwaambia waliosema maneno wasituombe sisi radhi, kwani si sisi waliosemwa. Wawili walikwenda nyumbani kwa yule mama. Mmoja hajakwenda mpaka leo. Muuzaji wa Nairobi tulimpigia simu kumweleza, akasema mbao za boksi lile anazo nyingine saba dukani, na kwamba tangu sasa atamuuliza mteja prosesa yake kwanza. Binti akamwomba pia abandike karatasi juu ya hizo saba, asitegemee kukumbuka.

Mashine iko katika chumba cha nje. Binti ameitundikia kanuni zake ukutani kwa mwandiko wa mkono: mawingu yakikusanyika juu ya ziwa, plagi itolewe ukutani, kwani kuzima kwa kitufe hakuzuii radi, taa ya chumba izimwe jioni wale wadudu wa ziwani wanapopanda kama moshi, maana hufuata mwanga wakaingia katika feni kwa maelfu, na kasha lifunguliwe kila mwezi lipanguswe kwa brashi. Mweka hazina anasimamia kanuni hizo kuliko aliyeziandika. Chama kimekwisha kununua UPS ndogo kwa faida ya miezi miwili ya kwanza, na printa wameichukua kwa malipo ya awamu yasiyo na riba, kwa mwenye duka wa Kisumu. Zimebaki shilingi 4,000.